Tope la Papa Bic

Siku Floribert alipoiba udongo wa mke wake, alikuwa amevaa shati lake la misa na kandambili, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa mwizi wa kuku. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Colombe, mke wake, alikuwa parokiani kwenye mazoezi ya kwaya, na mazoezi ya kwaya ile hayaishi haraka, maana sauti ya tatu haijawahi kushika wimbo hata mmoja tangu ianze kuitwa sauti. Floribert alikuwa na muda wa kutosha. Alichukua ndoo ya kufulia, akazunguka nyuma ya nyumba, akachota udongo mweusi na laini kwenye kitalu cha mke wake, akamimina maji, akakoroga kwa mwiko wa bugali. Kisha akaanza kuipaka pikapu yake matope.

Aliipaka kwa ufundi, hilo tumsifu. Alipaka madigadi, akapaka bampa, akapaka milango hadi chini ya vioo. Aliposimama kutazama akaona matope yamekaa kwa nidhamu mno, ungedhani fundi rangi amepita. Akarudi nyuma hatua tatu, akaanza kuyarusha kwa mkono ili yaonekane yamerushwa na magurudumu. Tonge moja likagonga mlango, likarudi kwenye shati la misa. Hakujali.

Sasa msimcheke mapema. Kila mtu ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Floribert una chanzo.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la misaada hapa Bukavu. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha lenye nondo na kuandika karatasi inayoitwa feuille de route: gari linatoka wapi, linakwenda wapi, limebeba nini, na dereva ni nani. Bila karatasi hiyo na muhuri wake, hakuna gari lililovuka geti. Aliandika Shabunda, aliandika Mwenga, aliandika Luberizi, kwa mwandiko mzuri wa kuonea wivu, na mbele ya neno "Chauffeur" akaandika kila mara jina la mtu mwingine. Baada ya siku nne au tano madereva walirudi, macho mekundu, magari hayajulikani rangi. Waliegemea dirisha lake wakasimulia walivyokwama, walivyokata miti, walivyopita daraja la magogo mawili. Halafu wakajaza ile nafasi ya chini kabisa ya karatasi, iliyoandikwa "Observations", yaani yaliyoonekana njiani, kwa mwandiko mbaya wa kutisha. Floribert alikuwa akiutazama mwandiko ule na kujiuliza: watu wazima hawa, hawakusoma?

Walimwita Papa Bic. Walimpenda, ila walimpenda kama mtu anavyoipenda kalamu: akishaandika anaisahau mezani.

Shirika lilipofunga ofisi, kila mfanyakazi alipewa kitu cha kumshukuru. Mlinzi alipata friji. Floribert alipata pikapu: nyeupe, yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na lile bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya kioo, ili gari livuke mto bila kukatika pumzi. Alijenga kibanda cha mabati kwa ajili yake. Siku ya kwanza alikaa ndani ya gari hadi chakula kikapoa, ameshika usukani kwa mikono miwili, hajakwenda popote.

Na kwenda popote ndiko kulikokuwa na tabu, kwa sababu Floribert alikuwa anaogopa miteremko. Alikuwa amesikiliza hadithi nyingi mno pale dirishani. Kila barabara ya udongo katika jimbo zima aliijua kwa ajali zake. Kwa hiyo ile pikapu ya kuvuka mito ilitoka Kasha, mtaa wao huko Bagira, ikafuata lami, au kile kilichobaki cha lami, hadi parokiani, ikarudi. Siku za sikukuu ilifika Nyawera, katikati ya mji, kununua mikate. Mzigo mzito kuliko yote iliyowahi kubeba ni kinanda cha kwaya, na kinanda kilifungwa mablanketi matatu ili kisikwaruze rangi.

Colombe alikuwa analima mboga kule bondeni, chini ya mtaa wao, na kila asubuhi alipanda na beseni kichwani. Aliwahi kumwomba mume wake mara moja tu ashuke na gari.

"Colombe," Floribert alimjibu kwa upole, "hii ni gari ya terrain, ya kuvuka mito. Si gari ya mboga."

Colombe alimtazama yeye, akalitazama gari, akajitwika beseni lake akaondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwenye kile kibanda cha mabati. Ni mwanamke asiyependa kurudia neno, lakini usidhani anasahau.

Sasa tuje kwenye tope. Kila Jumapili baada ya misa, wenye pikapu wa Bagira walikusanyika kwa maman Yolande, anayeuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kiwanja chenye viti vya plastiki. Walikuwa wanne. Waliyapanga magari yao mstari mmoja mbele ya viti, wakakaa kuyatazama na kuyasifu. Sheria yao ilikuwa moja: gari halioshwi kabla ya Jumapili. Tope ndiyo pasipoti. Mkubwa wao, mzee Léopold, ambaye wote walimwita mushamuka kwa heshima ya umri na ya tumbo, alipita gari kwa gari akisoma matope. Pikapu yake mwenyewe ilikuwa imevaa tope nene la Shabunda, gumu, limekauka na kupasuka-pasuka. Ya Ezéchiel ilikuwa na tope jekundu la Mwenga, anakowapelekea vifaa wachimba dhahabu. Ya Christophe ilikuwa na vumbi jeupe la machimbo ya chokaa. Ya Floribert ilikuwa inang'aa hata inzi anateleza.

"Papa Bic," Léopold alikuwa akimuuliza kila Jumapili, "juma hii gari yako ilifika wapi?"

"Iko mu repos, mushamuka. Inapumuzika."

"Repos!" Na wote wakacheka hadi kasiksi ikawatoka puani.

Floribert naye alicheka. Lakini akifika nyumbani alikaa ndani ya gari, chini ya mabati, na ilimuuma. Miaka kumi na tisa alikuwa Papa Bic kwa sababu hakuwa na gari. Sasa gari analo, na bado ni Papa Bic. Mtu hujiuliza, jina hilo litaondoka kwa dawa gani? Ndiyo maana siku ile, mbele ya kitalu cha mke wake, aliona udongo mweusi ti, akakumbuka madereva waliorudi kutoka Luberizi, katika bonde la Ruzizi, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ndoo.

Jumapili alipoingia kwa maman Yolande, viti vyote viligeuka. Léopold alisimama taratibu. Alilizunguka gari mara mbili. Alikwangua tope la madigadi kwa ukucha, akalinusa, akafumba macho.

"Hii tope iko na mavi ya nyama ya kufuga," akasema.

Floribert nusura azirai. Hakuwa amefikiri kwamba Colombe huchanganya udongo wake na samadi ya sungura na ya kobayi, wale panya wanene wa kufugwa. Lakini mtu aliyeandika barabara kwa miaka kumi na tisa hakosi jibu.

"Ni Luberizi, mushamuka. Bang'ombe balikuwa bamejaa mu barabara yote."

"Luberizi!" Léopold alifungua macho. "Ulipita Ngomo?"

"Nilipita Ngomo."

"Na mvua hii?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, na mie niko napita tu."

Uongo ukishaanza kuteremka hauna breki. Floribert akawaeleza mlima wa Ngomo kona baada ya kona, akatumia hadithi zote za dirishani, akaongeza lori lililopinduka na mama aliyejifungua kando ya barabara, akampa mtoto jina. Ezéchiel alisahau kunywa. Alipomaliza, Léopold alimwekea mkono begani.

Ilikuwa hivi: binti yake Léopold, Ghislaine, alikuwa anaolewa Jumamosi ya juma la pili kutoka siku ile, na Léopold alikuwa ameapa mbele ya wakwe kwamba wageni watakula mchele wa Luberizi, si mchele mwingine. Pikapu zote nne zingekwenda kuuchukua. Hadi siku ile hakuna aliyejua nani atatangulia, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amejitolea.

"Chef de convoi, mukubwa wa msafara, amepatikana," Léopold alisema. "Ni huyu hapa. Chauffeur Floribert. Na ile tope usiioshe! Juma ijayo nataka ndugu ya muoaji baione."

Chauffeur Floribert. Macho yakamchoma, akasingizia moshi wa nyama za brosheti. Akarudi nyumbani anaendesha kwa mkono mmoja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani.

Jumatatu asubuhi akaona tope linaanza kukauka na kubanduka. Likianguka, cheo kinaanguka nalo. Kwa hiyo akachukua ile chupa ya kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi, akalinyunyizia gari lote, polepole, kona zote. Akafanya hivyo asubuhi na jioni, kila siku, juma zima. Ndani ya kibanda cha mabati kulikuwa na joto zuri. Wenye akili wameshajua mambo yanaelekea wapi, lakini Floribert hakuwahi kuinama shambani hata siku moja. Yeye alikuwa ameona kitalu ambacho hakijaota kitu, akakiita udongo mtupu. Hakujua kwamba Colombe alikuwa amesia mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu, siku moja tu kabla, mbegu ndogo ambazo ukizimwaga kiganjani unadhani ni vumbi.

Colombe naye alikuwa ameliona shimo kwenye kitalu chake.

"Ni bata ya Anne-Marie," alisema huku ameshika kiuno. Anne-Marie ni jirani yao wa upande wa chini. "Imechimbula mbegu yangu yote ya musimu."

"Bata iko mubaya sana," Floribert alikubali, na hakumwangalia usoni.

Colombe akaenda kwenye uzio akamwambia Anne-Marie maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Anne-Marie akajibu. Bata wakafungiwa ndani siku tano bila kosa lolote.

Jumamosi jioni Floribert aliingia kibandani na chupa yake, akaona kitu cha kijani kwenye bampa. Akadhani ni ukungu. Akainama. Hapana, yalikuwa majani mawili mawili, madogo, yamesimama wima kama watoto wa shule wakati wa bendera. Yalikuwa kwenye bampa, kwenye madigadi yote manne, kwenye mlango wa kushoto, na pale chini ya bomba la hewa yalikuwa yamebanana hadi huoni tope. Akajaribu kung'oa moja, likatoka na kipande cha tope kizima, na chuma cheupe kikachungulia. Akaacha. Usiku huo alilala vibaya, na asubuhi alikuwa amepata jibu. Jibu lenyewe lilikuwa la kijinga, lakini ndilo alilokuwa nalo.

Alipofika kwa maman Yolande, wote waliacha viti wakalizunguka gari. Ndugu wawili wa muoaji walikuwa wamealikwa kuja kumwona chef de convoi, wamevaa makoti, na wao pia walisogea.

"Floribert," Léopold alisema hatimaye. "Gari yako iko naota."

"Ni muchele, mushamuka."

"Muchele?"

"Ya Luberizi. Kule banapepeta muchele mu barabara. Mbegu iliruka, ikashika ku tope. Ni vile tope yenyewe iko na nguvu."

Ezéchiel aliinama hadi pua ikagusa bampa. "Muchele gani iko na majani ya mviringo?"

"Ya kisasa," Floribert alisema.

Hapo Christophe akasimama, na huyu ni mtu mwema, asiyeweza kudhani kwamba mwenzake anadanganya. "Bandugu," akasema kwa sauti ya kutetemeka, "muchele yenye kuota ku chuma, bila shamba, ndani ya siku munane! Tunapashwa kuipeleka Lwiro, kule banasayansi banachunguza mimea. Hii itaokoa inchi!"

Wakaanza kupanga. Léopold aliuliza kama wanasayansi wa Lwiro wanafanya kazi Jumatatu. Mmoja wa ndugu wa muoaji alipiga picha. Mwingine aliuliza kama gari likipandwa upya kila msimu litaweza kulisha familia ya watu sita. Floribert alikunywa kasiksi yake yote kwa pumzi moja. Alijiona amesimama mbele ya watu wenye miwani na makoti meupe, wakimuuliza jina la mbegu. Wakati wote huo mbuzi wa maman Yolande alikuwa amekaribia kimyakimya, na sasa alikuwa anakula bampa.

"Shii! Toka! Toka pale!"

Sauti hiyo Floribert aliijua. Colombe alikuwa amesimama getini na kanzu yake ya kwaya, amekuja kudai ufunguo wa nyumba. Lakini mkulima hawezi kumwona mbuzi kwenye miche akanyamaza, hata miche iwe ya nani. Alimfukuza mbuzi kwa kitabu cha nyimbo. Halafu akageuka kuangalia miche yenyewe imeumia kiasi gani. Akainama. Akashika jani moja kwa vidole viwili. Akalinusa tope.

"Hii ni lengalenga yangu," akasema.

Akalikwangua tope kwa ukucha, akalisugua kiganjani.

"Hii ni udongo yangu. Hii ni mavi ya kobayi yangu." Alinyooka polepole. "Floribert. Nilitukana Anne-Marie juma muzima juu ya bata yake. Nilimuambia maneno ya babu yake. Na Luberizi yako iko nyuma ya nyumba yangu?"

Vicheko vikalipuka. Ezéchiel alianguka na kiti. "Papa Bic!" akapiga kelele kutoka chini. "Papa Bic alisafiri mu kitalu!" Ndugu wa muoaji walishikana mabega. Léopold alijifuta machozi kwa tai. Floribert alitazama kandambili zake na akatamani lile bomba la hewa limpumulie, maana yeye alikuwa amezama.

Colombe aliwatazama wanaume wale wakicheka. Mume wake alikuwa amemkosea na angemshughulikia nyumbani, tena vizuri. Lakini kumcheka huyo ni haki ya mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa Ezéchiel.

"Munacheka nini?" akauliza. "Miye nauzisha mboga mu Bagira yote, mulango kwa mulango. Munazani sionake?"

Vicheko vikapungua.

"Papa Christophe, ile vumbi ya chokaa. Si ni unga ya muhogo ya mama-mukwe wako? Kila siku ya ine anaanika muhogo mu gari yako sababu mbuzi haziwezi kupanda. Weye unalindaka na fimbo."

Christophe alikaa. "Iko na jua muzuri pale nyuma," akasema kwa sauti ndogo.

"Papa Ezéchiel, tope ya Mwenga. Ni ya matofali ya jirani yako, najua hata shimo. Na ile kamba ya chuma ya kuvuta magari, Rosette bibi yako anaanika nguo juu yake. Jana niliona kaleso yako ya ndani, ile ya mistari."

Ezéchiel hakuinuka kutoka chini. Aliona ni afadhali abaki hukohuko.

"Na weye, mushamuka." Colombe akaenda hadi kwenye pikapu ya Léopold na kunyoosha mkono kuelekea lile tope nene la Shabunda. "Hii tope..."

"Hapana gusa!" Léopold aliruka na tumbo lake lote. "Pole pole! Hiyo iko ya 2014!"

Maneno yalishatoka, na hayakuwa na njia ya kurudi. Mzee akawatazama mmoja mmoja, kisha akajiachia kwenye kiti. Sasa wote wakaelewa kwa nini mvua ikianza kunyesha yeye alikimbia na turubai kulifunika gari. Walikuwa wakidhani analinda rangi.

"Nilienda Shabunda mara moja," akasema. "Mara moja tu. Nililia njia yote ya kwenda. Kwa kurudi nikalipa mutu mwingine aendeshe, mie nikalala nyuma, nikajifunika bâche, sikutaka kuona." Akalipapasa lile tope taratibu. "Lakini nilifika. Nilisema niiweke, juu hakuna mutu angeamini."

Hapo hakuna aliyecheka, hata ndugu wa muoaji. Maman Yolande aliongeza kasiksi bila kuulizwa. Mchele wa arusi ukawa suala la kutazama viatu, hadi Colombe alipowaambia kwamba mchele wa Luberizi unauzwa sokoni Kadutu kila siku, akina mama wanauleta kwa malori, na barabara ya kwenda huko sokoni ni lami hadi mwisho. Convoi ikapangwa upya kwa sauti za chini. Ndugu wa muoaji waliapishwa kunyamaza.

"Na weye," Colombe alimwambia mume wake, "kesho asubuhi miche yangu inashuka bondeni. Yote. Na gari yenyewe."

Njia ya kushuka bondeni si ndefu. Mbuzi huishuka akitafuna. Lakini ni udongo mtupu, nyembamba, imelala ubavu, na Jumatatu ile ilikuwa imenyeshewa alfajiri. Floribert alilifikisha gari hadi pale mteremko unapoanza, akazima injini, Colombe ameketi pembeni yake. Nyuma kulikuwa na majembe, mabeseni, na ile miche aliyoitoa mwenyewe kwa kijiko, mmoja mmoja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na nusu ya tope la gari. Akaangalia chini.

"Colombe," akasema, "siwezi."

"Juu ya nini?"

Hakuwahi kulisema neno lililofuata kwa mtu yeyote, wala kwa padre. "Naogopa. Tangu zamani. Nilikuwa naandikaka tu. Miye ni Papa Bic, basi."

Alitegemea kicheko. Colombe alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba siku ile ya beseni, mume wake hakuwa amemdharau, alikuwa ameogopa. Ilimpunguzia hasira kidogo, si yote. Akafungua mkoba wake, akatoa daftari la nyimbo, akachana ukurasa mmoja wa nyuma. Akachomoa bic kwenye mfuko wa shati la Floribert, pale inapokaa siku zote, akaandika kwenye goti. Akampa.

Floribert akasoma. *Feuille de route. Kutoka: Kasha. Kwenda: shamba ya Colombe. Muzigo: lengalenga, majembe mbili, bibi moja. Chauffeur:* na mbele yake, kwa herufi kubwa, FLORIBERT.

Alisoma mstari ule wa mwisho mara nyingi. Maelfu ya karatasi zilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyokuwa imeandikwa hivyo.

"Haina kachet," akasema, maana lazima mtu aseme kitu.

Colombe akatoa mkono dirishani, akabonyeza kidole gumba kwenye tope lililobaki mlangoni, akakigandamiza chini ya karatasi. Muhuri ukatoka mzuri, mweusi, wa duara.

"Gari inaweza kutoka," akasema.

Gari likatoka. Lilishuka kwa mwendo wa bibi kizee mwenye gauni refu. Kwenye kona ya kwanza liliteleza, Floribert akamwita Bikira Maria. Kwenye kona ya pili liliteleza zaidi, akawaita watakatifu wengine, pamoja na mama yake mzazi. Colombe alishika dashibodi akaimba sauti ya pili ya wimbo wa Jumapili, kwa nguvu, bila kuacha. Kutoka kwenye uzio wake Anne-Marie aliliona gari linapita ubavu ubavu, bata wakatawanyika kila upande, akapiga kelele, "Papa Floribert, kamata gauche! Gauche!" Akakamata kushoto. Gari likanyooka, likapiga dimbwi, tope likapanda hadi juu ya paa, gari likashuka mita za mwisho peke yake, likasimama katikati ya mboga.

Injini ilikuwa inatoa moshi mdogo. Colombe alishuka, akatoa beseni la kwanza, akaanza kazi, kwa sababu miche haisubiri.

Floribert alibaki ameketi. Aliiweka ile karatasi juu ya usukani, akachukua bic, akaandika saa ya kufika, kama inavyotakiwa. Halafu akafika kwenye nafasi ya chini kabisa, ile waliyokuwa wakiijaza madereva wameegemea dirisha lake. Akaandika *Observations*, akafikiri kidogo, akaendelea. Mkono ulikuwa unamtetemeka, na herufi zikatoka zimepinda, zinapandana, mwandiko mbaya wa kutisha, uleule wa madereva. Akautazama kwa muda mrefu, akatabasamu hadi masikio yakasogea.

*Barabara mubaya,* ilisema. *Chauffeur aliogopa. Gari imefika.*